Barua Iliyomfuata Naomi Kwenye Treni

Kule Mbulumbulu, vijijini Karatu, mtu akipata barua hajifichi nayo. Tangu zamani barua zote za kigango, yaani kanisa dogo la kijiji, zilikuja kwa sanduku moja la posta, na ufunguo aliutunza katekista Melkizedek. Jumapili baada ya sala alisimama mlangoni, akaita majina. Aliyejua kusoma alisoma. Asiyejua alisomewa, na wote waliosimama karibu wakasikia. Harusi ni ya wote, msiba ni wa wote, basi na barua ikawa ya wote.

Intaneti ilipofika Karatu mjini, Melkizedek alifanya kama alivyozoea. Alifungua sanduku moja la barua pepe kwa ajili ya jumuiya nzima. Kompyuta ilipodai neno la siri, alichagua jina la mtakatifu msimamizi wa kigango. Kisha, ili mtu asilisahau, akaliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa kanisa. Siri gani hiyo, hata kuku waliopita hapo waliiona!

Marsela, mke wa Isaya, hakuona ubaya wowote. Alichotaka yeye ni barua za Naomi.

Naomi alikuwa binti yake wa pekee. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili Uswidi, akisomea uuguzi. Kila alipopeleka maharage Karatu, Marsela alipita kwenye kafe ya intaneti ya Aikande, binti wa Kimachame aliyehamia pale kwa biashara. Aikande alikuwa na subira. Aliwafundisha akina mama wa Mbulumbulu mambo matatu: kufungua sanduku, kusoma barua, na kubonyeza Jibu. Nao wakaridhika, wakajiona wamemaliza chuo.

"Mama, naandika nikiwa ndani ya treni," Naomi aliandika mara nyingi. Aliishi mbali na chuo. Asubuhi na jioni alipanda treni pamoja na wafanyakazi na wanafunzi wengine, na ndani ya treni hiyo abiria walipata intaneti. Basi aliweka kompyuta yake ndogo mapajani, akamwandikia mama yake huku mashamba ya watu yakipita dirishani.

Marsela alijibu kila barua. Ila majibu yake yalikuwa makavu, kama matangazo ya kanisani. Sisi wazima. Mahindi yamestawi. Ng'ombe mwekundu amezaa. Majirani wanakusalimu. Mama. Mengine yaliyomjaa moyoni hakuyaandika. Angeyaandikaje, na jirani yake Evarista angeyasoma kesho yake na kuyapeleka kisimani?

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2008, Marsela aliingia kafe saa nane na nusu mchana. Miguu ilikuwa na vumbi jekundu, lakini moyo ulikuwa mweupe. Kesho yake, Ijumaa, Naomi angefanya mtihani wa mwisho. Akifaulu, ni muuguzi kamili. Asipoufanya, hakuna mwingine, kwa sababu ufadhili wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo.

"Shikamoo, mama," alisema Aikande.

"Marahaba, mwanangu. Nataka nimtakie Naomi heri ya mtihani."

Marsela alifungua sanduku. Juu kabisa palikuwa na barua ya Naomi, imeandikwa asubuhi ileile. Aliisoma polepole, midomo ikicheza.

"Mama mpenzi. Nimepata barua yako ya juzi. Nimelia mpaka wenzangu wameshtuka. Simu yangu iliharibika wiki iliyopita. Nimempigia baba kwa simu ya rafiki yangu, hapatikani. Mama, usiogope upasuaji. Ninakuja. Tiketi yangu ya kurudi wameibadilisha iwe ya leo. Saa nane mchana wa leo napanda treni, jioni napanda ndege. Mtihani nauacha. Mama ni mmoja."

Marsela alijishika kifua. "Upasuaji wa nani? Juzi nilikuwa shambani navuna maharage!"

Aikande alivuta kiti, akaketi kando yake. "Tulia, mama. Barua mlizotuma zinabaki humu. Tuangalie kilichotumwa juzi."

Alibonyeza mara mbili. Barua ikatokea.

"Mwanangu. Ile shingo imeniletea makubwa. Alhamisi nalazwa, Ijumaa napasuliwa. Njoo unione kabla sijafa. Mama."

"Shingo!" alisema Marsela. "Huyu ni Mama Inosenti. Evarista! Ana uvimbe wa shingo siku nyingi. Daktari alimwambia ni upasuaji mdogo tu. Hiyo habari ya kufa ameiongeza mwenyewe."

"Na mwanawe Inosenti yuko wapi?"

"Yuko Arusha. Anaendesha watalii."

Aikande aliisoma tena ile barua. Kisha akasema, "Nimeelewa. Alitaka kumwandikia Inosenti. Akafungua sanduku, akakuta barua ya Naomi iko juu. Akabonyeza Jibu kama nilivyowafundisha. Sasa, Jibu hupeleka barua kwa yule aliyekuandikia, hata kama wewe unamwaza mwingine. Barua ikaenda Uswidi. Naomi akaona sanduku ni la nyumbani, na mwisho limeandikwa jina Mama. Angejuaje? Kosa ni langu. Sikuwafundisha kuandika barua mpya."

"Hata mimi ningebonyeza hapohapo," alisema Marsela. "Tufanyeje? Hiyo saa nane imepita."

"Haijapita huko kwao. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa nane yao ni saa tisa yetu. Andika haraka."

Marsela alitafuta herufi moja moja, hivyo Aikande akamwandikia. Walieleza kwamba mgonjwa ni Evarista, kwamba Marsela ni mzima, na kwamba Naomi asisafiri. Barua ikaenda. Wakangoja. Saa tisa ikafika, sandukuni hamna kitu.

"Sasa ameshapanda," alisema Marsela. "Barua haimpati tena. Treni inakimbia, itamfikiaje?"

"Mama, mtu akiongea na simu ndani ya basi, simu inakatika kwa sababu basi linatembea?"

"Hapana. Inakatika tukishuka bondeni tu."

"Basi, na treni ni hivyo. Juu ya treni kuna antena. Inadaka mawasiliano kutoka kwenye minara ya simu. Ikiuacha mnara huu, inadaka unaofuata. Ndani ya behewa kuna kifaa kidogo kinachowagawia abiria. Ni kama tenki la maji la kijiji. Maji yanaingia kwa bomba moja, kila nyumba inachota. Naomi akifungua kompyuta yake, barua ataikuta."

"Na asipoifungua?"

Aikande alimmiminia chai kutoka kwenye chupa, naye Marsela akaishika tu bila kuinywa. Aliona miaka miwili ya mwanawe inayeyuka kwa sababu ya kitufe kimoja. Aliogopa kuliko siku ya kujifungua.

Saa tisa na robo barua mpya ikaingia.

"Niko kwenye treni. Wewe unayeandika ni nani? Juzi sanduku hili liliniambia mama anakaribia kufa. Leo linaniambia mama ni mzima. Neno la siri liko nyuma ya mlango wa kanisa, kila mtu analijua. Labda mnanifariji ili nifanye mtihani, halafu nije nikute kaburi. Vimebaki vituo vinne kufika uwanja wa ndege. Kama ni mama mwenyewe, niambie jambo ambalo majirani hawalijui."

Marsela aliisoma mara mbili. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakujali. Mtoto aliyemzaa alikuwa anamwuliza yeye ni nani, na alikuwa na haki ya kuuliza. Katika barua zote alizomwandikia, hapakuwa na neno hata moja ambalo Evarista asingeweza kuliandika.

"Sogea, mwanangu," alimwambia Aikande. "Hii nitaiandika kwa mkono wangu. Na usisome."

Aikande aligeukia dirishani. Nyuma yake alisikia kidole kimoja kikigonga, kikitafuta herufi, kikigonga tena. Marsela hakuweka nukta wala herufi kubwa. Aliandika hivi:

"chungu cha bibi hakikuvunjwa na mbuzi ulikivunja wewe ukiwa na miaka sita nikamsingizia mbuzi ili baba asikuchape akamuuza yule mbuzi na mpaka leo hajui mimi mzima mwanangu shuka"

Akabonyeza. Akafumba macho na kusali kwa Kiiraqw, lugha aliyofundishwa kusali na mama yake.

Jibu lilikuja kabla hajasema amina.

"Mama! Ni wewe. Nashuka kituo kijacho, nageuza na treni ya kurudi. Nacheka na kulia, abiria wananitazama. Kesho nafanya mtihani. Nenda ukamwone Mama Inosenti, umpe pole yangu."

Marsela alimkumbatia Aikande mpaka kiti kikapiga kelele. Halafu ndipo akakumbuka chai, akainywa yote ikiwa imepoa.

Aikande hakuishia hapo. Alichukua simu akampigia Inosenti, akamweleza yote. Inosenti aliondoka Arusha alfajiri ya Ijumaa. Evarista alipozinduka baada ya upasuaji, bandeji shingoni, alimkuta mwanawe ameketi kando ya kitanda. Alipoambiwa barua yake ilikofika, alitaka kucheka, nesi akamkataza.

Jumapili iliyofuata Aikande alipanda gari mpaka Mbulumbulu. Baada ya sala watu walibaki kwenye mabenchi. Wote walikwishasikia habari, kwa hiyo hakuhitaji kuanza mbali.

"Sanduku la barua pepe si kama sanduku la posta," alisema. "Kufungua la kwako hakuna gharama. Kila mtu anaweza kuwa na lake, na neno lake la siri."

Melkizedek aliinua mkono. Hakupendezwa. "Binti, kwa hiyo sasa tufichane? Sisi hapa ni ndugu."

"Si kufichana, baba. Nyumba zenu zina milango, na bado mnatembeleana. Lakini mgeni anabisha hodi. Sanduku lenu halikuwa na mlango, ndiyo maana Naomi hakujua aliyemo ndani ni nani."

Watu waliguna. Mzee Isaya akauliza, "Hilo neno la siri liweje? Nikiweka jina la mke wangu?"

"Jina la mke wako tunalijua sote, mzee. Changanya herufi na namba, kitu ambacho hata jirani yako hawezi kukibahatisha. Usimpe mtu. Hata mimi usinipe. Nikikuomba, jua nina langu jambo."

Mwanamke mmoja akataka kujua kama inatosha kuzima kioo ukimaliza.

"Haitoshi," Aikande alijibu. "Bonyeza Toka, halafu hakikisha kompyuta inadai tena neno la siri. Ukiondoka hivihivi, anayekaa baada yako anaandika kwa jina lako. Na kabla ya kutuma, tazama juu: barua inakwenda kwa nani? Kisha jitaje. Mama wako wengi. Andika Evarista, mama yake Inosenti."

"Na kama ni wewe uliyeletewa barua ya kutisha?" aliuliza Marsela.

"Fanya kama Naomi. Usimame kwanza, uulize. Tafuta njia ya pili, simu au mtu wa karibu. Uulize jambo ambalo mwenyewe tu analijua. Naomi alichelewa kuuliza, lakini aliuliza."

Melkizedek alikuwa mbishi, lakini si mtu wa kung'ang'ania kosa. Aliinuka, akachukua kitambaa cha altare kilichochakaa, akaenda nyuma ya mlango na kufuta chaki mpaka ubao ukang'aa.

Naomi alifaulu. Habari zilifika mwezi wa saba, na Isaya alichinja kondoo. Kufikia wakati huo nusu ya kigango walikuwa na anwani zao. Marsela alikuwa na yake, na neno la siri ambalo hata Isaya hakulijua, ingawa alijaribu kulidodosa.

Siku ya kwanza ya kuitumia, alijifunza kuandika barua mpya. Alikaa karibu saa nzima.

"Naomi. Mimi Marsela, mama yako. Miaka miwili nimekuandikia habari za ng'ombe. Siku uliyoondoka nilikuambia niko sawa. Sikuwa sawa. Mpaka leo nikipakua natenga sahani tatu. Baba yako akiniuliza, nasema nimesahau. Sijasahau. Nakukumbuka jikoni, nakukumbuka shambani, nakukumbuka kanisani wakiimba. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu."

Alitazama juu kuona inakwenda kwa nani. Akatuma.

Wiki iliyofuata alirudi Karatu, safari hii na Evarista, ambaye kovu la shingo lilikuwa limeanza kufifia. Jibu la Naomi lilikuwa refu. Marsela aliliinamia, akalisoma kimya, akarudia mahali pamoja, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Evarista alivumilia, alivumilia, mwishowe akavuta shingo yake mpya.

"Anasemaje?"

"Anawasalimu wote," alisema Marsela.

Akabonyeza Toka, akangoja mpaka kompyuta ilipodai neno la siri, ndipo akainuka.