Mtaa Ulioficha Msingi Wake

Kila Jumatano alasiri Wietske Boonstra alimteremsha mumewe ngazi. Waliishi ghorofa ya tatu pembezoni mwa mji wa Dordrecht, katika nyumba ya kupanga isiyo na lifti. Ngazi zake zilikuwa nyembamba na zimesimama wima. Harmen alishuka kwa makalio. Wietske alitangulia mbele yake, ili mume akiteleza amwangukie yeye. Walienda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakarudi, wakaanza kupanda. Wakifika juu wote wawili walikuwa hoi.

Harmen alikuwa fundi rangi. Madirisha mengi ya mji ule yalipita mikononi mwake. Kisha ugonjwa wa misuli ukaanza mguuni, ukapanda. Daktari hakumficha. Alimwambia kwamba leo anatembea na fimbo, lakini siku inakuja ambayo fimbo haitatosha. Siku zote zisizo Jumatano alikaa dirishani, akitazama watu wakipita na baiskeli zao. Zamani alikuwa mtu wa utani. Sasa utani wake ulikuwa mchungu, na binti zake wawili walijifunza kupita karibu naye kwa kunyata.

Kwa hiyo familia hii haikutafuta jumba. Ilitafuta nyumba yenye chumba cha kulala chini na mlango ambao Harmen angeweza kuupita mwenyewe, kabla miguu haijaisha kabisa. Ni hilo tu. Lakini nyumba zilikuwa chache, na wanunuzi walikuwa wengi kama nzige.

Katika nchi yao hakuna kukaa na muuzaji mkabishana bei. Bei inatangazwa. Kila mnunuzi anaandika bei yake bila kuiona ya mwenzake, na wengi wanapanda juu ya ile iliyotangazwa. Chini ya bei anaandika masharti yake. Muuzaji anachagua anayemfurahisha. Wietske na Harmen walikuwa wameandika mara nne, na mara zote nne waliweka sharti moja: mkaguzi wa majengo aikague nyumba kwanza. Mara zote nne walikosa.

Dalali wao, kijana mtanashati aitwaye Rutger, aliwaambia wazi.

"Dada, sikufichi," alisema. "Wenzako wanaandika bila sharti. Muuzaji akiona neno ukaguzi, karatasi yako anaiweka chini ya zote. Kama unataka nyumba, liondoe."

Wietske alimuuliza kama hiyo siyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Rutger alicheka, akasema mbuzi wa siku hizi wote wanauzwa hivyo.

Ndipo ikatokea nyumba ya mtaa wa Lijsterlaan. Ulikuwa mtaa mtulivu, wenye nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, madirisha makubwa, na mapazia yaliyo wazi mchana kutwa. Mbele na nyuma ya kila nyumba palikuwa pametandazwa vitofali vya zege, safi, bila jani wala dimbwi. Harmen aliingia kwa miguu yake. Alienda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, akalaza fimbo yake sakafuni.

"Hapa kichwa, hapa miguu," alisema. "Na asubuhi nafungua mlango huu, nakunywa kahawa yangu nje kama binadamu."

Akacheka. Wietske alikuwa hajamsikia akicheka vile tangu mwaka uliopita. Jioni ile waliandika bei ya juu kabisa waliyoimudu, na hawakuweka sharti lolote. Walipata nyumba. Alhamisi walitia saini mkataba.

Desturi ni kusubiri mpaka umehamia ndipo uwasalimie majirani. Wietske hakuweza kusubiri. Jumamosi alioka keki ya tufaha, akaenda kubisha hodi mlango kwa mlango. Alipokewa vizuri. Kila nyumba alipewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo la biskuti likafungwa, kama ilivyo kawaida.

Sasa, watu wa huko ni wasema kweli kupita kiasi. Watakuambia gauni limekubana hata kama hukuwauliza. Watakuambia mtoto wako mnene. Lakini siku ile Wietske alikutana na jambo geni. Katika nyumba ya kwanza, mlango wa jikoni ulikuwa umepigwa randa mshazari upande wa chini, ili ufungike. Katika nyumba ya pili kabati lilikuwa limewekewa vipande vya mbao chini ya miguu miwili. Katika ya tatu ufa ulipanda ukutani kutoka sakafuni hadi darini, umezibwa, ukapasuka tena. Alipouliza, wenyeji walitazamana. Walisema nyumba za zamani zina tabia zake kama wazee, kisha wakahamia kwenye habari za hali ya hewa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Alida Kooiman, mjane mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliyefundisha watoto kuogelea maisha yake yote. Ukuta wake mmoja ulikuwa ndio ukuta wa nyumba aliyoinunua Wietske. Alida hakumpa biskuti. Alimkalisha mezani, akampakulia supu ya njegere.

Wietske aliitazama sahani. Supu ilikuwa imejaa hadi ukingoni upande mmoja, na upande wa pili sahani ilionekana nyeupe. Akaisogeza. Supu ilibaki vilevile. Meza haikuwa na kasoro. Ni sakafu iliyokuwa imeinama.

"Umeona," Alida alisema. "Kula kwanza. Ukishakula nitakuambia, halafu utanichukia."

"Niambie sasa hivi, mama."

Alida akamweleza, bila kupamba. Ardhi ya pale ni laini kama uji. Ukijenga juu yake, nyumba inazama. Kwa hiyo waliojenga zamani walipigilia magogo marefu ya msonobari ardhini, mpaka yakafika kwenye mchanga mgumu, wakasimamisha nyumba juu ya vichwa vya magogo hayo. Mbao ikikaa ndani ya maji muda wote haiozi, hata kwa miaka mia. Ila maji ya ardhini yakishuka, vichwa vinapata hewa. Kuvu inaingia, na mbao inageuka kuwa kama keki iliyolowa.

"Na maji yameshukaje?"

"Tumeyashusha wenyewe," Alida alisema. "Tunachukia dimbwi kuliko dhambi. Tumetandaza zege kila mahali, tumelaza mabomba, mvua ikinyesha inakimbilia mfereji badala ya kuingia ardhini. Kisha yakaja majira ya joto makavu. Bustani zilikuwa safi sana, mwanangu. Chini yake magogo yanaoza."

Wietske aliuliza kama nyumba yake inaweza kutengenezwa. Alida akatikisa kichwa. Nyumba za mstari ule zilijengwa kama mwili mmoja, kila ukuta unashikwa na nyumba mbili. Huwezi kuibadilishia msingi nyumba moja ukaziacha nyingine, kwa sababu ile uliyoitengeneza itasimama, zile nyingine zitaendelea kushuka na kuirarua. Lazima wote wakubali na wote walipe. Gharama yake ingeimeza akiba yote ya familia na kuongeza deni jingine juu yake. Bima hailipi kitu.

"Mnajua tangu lini?"

Alida akasema kwamba miaka kadhaa nyuma jirani mmoja alichimba shimo, akaona. Mtaa mzima ulikutana sebuleni kwake, wakakaa duara, wakanywa kahawa. Hakuna aliyeapa, hakuna aliyeandika. Walikubaliana tu kwamba shimo lifukiwe na habari isitoke, kwa sababu nyumba moja ikijulikana, zote zimekufa. Kila mmoja angeuza kwa wakati wake na kwenda zake.

"Muuzaji anayejua ubovu ana wajibu wa kusema," Wietske alisema. "Hata mimi mjinga najua hilo."

"Utathibitishaje kwamba alijua? Shimo limefukiwa. Na sheria inakutaka na wewe mnunuzi uchunguze. Ulichunguza?"

Wietske aliisukuma sahani pembeni.

"Na mimi nilikuwepo kwenye duara lile," Alida alisema. "Nilikuwa niuze mwaka huu, nihamie karibu na binti yangu. Ningenyamaza, Mungu anisamehe. Lakini nilimwona mumeo kupitia dirishani, akipima pa kuweka kitanda."

Kisha alimwambia la kufanya. Anayenunua nyumba ya kuishi, akishapewa nakala ya mkataba uliosainiwa, sheria inampa siku tatu za kufikiri tena. Zikiangukia wikiendi zinasogezwa. Ndani ya siku hizo anaweza kujitoa bila kutoa sababu wala faini, mradi aandike. Kwa Wietske, mwisho ulikuwa Jumatatu.

Alirudi nyumbani kwa baiskeli, machozi yakimtoka waziwazi. Sikufichi, msomaji, njiani alifikiria kunyamaza. Nyumba ingeshuka polepole. Labda Harmen angepata miaka yake michache ya kunywa kahawa nje, na matatizo yangekuja baadaye, yeye akiwa ameshapumzika. Alipoingia, alimkuta Harmen na binti zake wamemwaga mezani vipande vya karatasi vya kuonyesha rangi, wanachagua rangi ya chumba. Mdogo alikuwa amemkalia babaye miguuni. Wietske aliwatuma wasichana kwa mama mdogo wao, akafunga mlango, akasema yote.

Harmen aligeuzageuza kipande kimoja cha rangi mkononi.

"Basi twende," alisema hatimaye. "Nyumba inazama, na mimi nazama. Tutaendana."

"Harmen."

"Mimi sina miaka ishirini, Wietske. Wewe unatafuta nyumba ya miaka ishirini. Mimi naomba kutoka nje."

"Na ukishaondoka?" Wietske aliuliza. Hakutaka kulisema, lakini alilisema. "Nitabaki na watoto na deni la nyumba ambayo hakuna atakayeinunua. Au nimtafute mwingine mjinga kama sisi, nimpe kahawa na biskuti moja?"

Harmen alifunika uso kwa mikono yake ya fundi. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyenyang'anywa. Kisha akavikusanya vile vipande vya rangi, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye bahasha.

Jumatatu asubuhi waliandika kwamba wanajitoa. Rutger alipiga simu akiwa amekasirika, akasema wamemwaibisha. Alisema wapo wengine foleni, mume na mke wenye mtoto mchanga, na hao hawana masharti. Wietske alimpelekea Alida habari hiyo. Usiku Wietske alikosa usingizi kwa ajili ya mtoto yule asiyemjua.

Alida alifanya jambo ambalo mtaa haukumsamehe. Alimwita mkaguzi wa misingi, akamwonyesha pa kuchimba, nyumbani kwake mwenyewe. Mkaguzi alishuka shimoni akachoma vichwa vya magogo kwa chombo chake, na kikaingia kama kisu kwenye jibini. Taarifa yake Alida aliibandika kwenye dirisha la mbele, mahali ambapo wengine hubandika tangazo la mtoto kuzaliwa. Wale wenye mtoto mchanga waliisoma, wakageuza gari.

Vibao vya kuuza viliondolewa kimoja baada ya kingine. Hakuna benki iliyotaka kusikia jina la mtaa ule. Majirani waliacha kumsalimia Alida. Asubuhi moja alikuta mayai yamepondwa mlangoni. Hakuhamia kwa binti yake, maana nani angeinunua nyumba yake? Lakini kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuficha, wenye nyumba walilazimika kukaa pamoja, shingo upande. Walikwenda manispaa kuulizia mkopo wa pamoja, wakaanza kung'oa zege ili mvua iingie ardhini. Kazi ya misingi itachukua miaka, lakini nyumba hazitaangukia vichwa vya watu.

Wietske na Harmen walianza upya. Safari hii waliuliza kwanza nyumba ilijengwa lini na imesimama juu ya nini. Waliulizia manispaa habari za msingi na maji ya ardhini. Waliweka sharti la ukaguzi kila mara, na kila mara walikosa. Majira ya kuchipua yalipita, majira ya joto yakapita. Mwishoni mwa Oktoba, mama mmoja mzee aliyekuwa na nyumba mbaya isiyo na ghorofa, iliyojengwa miaka ya themanini juu ya nguzo za zege, alikubali sharti lao kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mkaguzi alikuta paa linahitaji kazi na bomba moja linavuja. Msingi ulikuwa mzima.

Lakini miguu ya Harmen haikusubiri. Iliisha mwezi Septemba. Aliingia nyumba mpya akisukumwa, kwenye kiti cha magurudumu, na hakusema neno wakati wa kuhamia. Wietske alihesabu moyoni miezi ile ambayo angetembea kwenye nyumba ya Lijsterlaan, na akashindwa kumtazama usoni.

Asubuhi ya kwanza aliamka akapapasa kitanda. Upande wa Harmen ulikuwa mtupu. Alikurupuka, akaita, kimya. Sebuleni hayupo. Jikoni hayupo. Kiti cha magurudumu hakikuwepo, na baridi ilikuwa ikiingia kutoka ukumbini.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Harmen alikuwa nje barabarani, amevaa nguo za kulalia na koti juu, mvua nyepesi ikimnyeshea. Alikuwa ametoka mwenyewe. Alikuwa anabishana na mwanamke mwenye mbwa, akimwambia kwamba dirisha lake limepakwa rangi vibaya na fundi aliyelipaka ni mwizi. Mwanamke alikuwa anacheka.

Wietske alisimama ukumbini, mkono mdomoni. Hakumwita aingie ndani. Alienda jikoni kuchemsha kahawa, akaiacha baridi iendelee kuingia.