Mwanamke wa Gauni la Njano

Walikutana kwa kugongana. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa, watu wamejaa kama siafu, na mshonaji amebeba jora la satini begani, haoni vizuri aliye mbele yake. Kijana mmoja mrefu, shati limechomoka kwenye suruali, alikuwa katikati ya njia akizunguka polepole na kamera usoni. Jora likampiga kisogoni.

"Pole, kaka. Lakini hapa ni njia, si mahali pa kuzunguka kama pia."

"Samahani, dada. Ila umeniharibia. Ilibaki picha moja tu nimalize mtaa mzima."

"Mtaa mzima kwenye picha moja?"

Akamwonyesha kwenye simu yake picha za wiki iliyopita. Alikuwa akipiga moja, anageuka kidogo, anapiga nyingine, kisha nyumbani anaziunganisha kwa kompyuta ziwe picha moja ndefu. Ndiyo kwanza anajifunza, na ilionekana: magorofa yameinama kama walevi, barabara imekatika, mwuza miwani ana kichwa lakini hana kiwiliwili. Mshonaji alicheka mpaka jora likataka kumponyoka.

"Huachi nafasi ya kupandiana. Hata mimi nikiunga kitambaa cha maua bila kupandisha kipande juu ya kingine, ua linakatika shingo."

"Basi nifundishe."

"Mimi nashona nguo, sishoni mitaa."

Kijana alikuwa fundi wa lifti. Jumatatu alifika kwenye chumba cha ushonaji na suruali iliyofumuka. Mshonaji aliutazama mshono, akaona nyuzi zimekatwa kwa wembe, moja moja, kwa utulivu. Aliishona polepole kuliko kawaida yake. Tangu siku hiyo akamwita Pia, naye akaitwa Sindano kwa ule ulimi wake, na simu zikawa haziishi.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Juu ya paa la benki. Lifti imepona. Mji wote uko chini yangu, ila wewe sikuoni."

"Tazama vizuri. Kuna mtu anakupungia mkasi."

Lakini wivu haupigi hodi. Na Sindano alikuwa na kidonda cha zamani. Mchumba wake wa kwanza alimwacha akamwoa rafiki yake Sindano, na gauni la harusi lilikuwa limeshonwa na Sindano mwenyewe, kabla hajajua bwana harusi ni nani.

Jioni moja Pia aliingia na karatasi iliyoviringishwa kama mkeka, akaitandaza juu ya meza ya kukatia. Ulikuwa ukumbi wa stesheni ya treni: nguzo, saa kubwa, mabenchi, abiria na mizigo yao. Safari hii kila mstari umenyooka.

"Nimebana viwiko," alisema kwa fahari. "Nimegeuka mwili mzima, si mikono tu. Na kila picha nimeipandisha juu ya mwenzake kama ulivyoniambia."

Shangazi yake Sindano, aliyekuwa akikunja pindo pembeni, alisifu. Sindano naye alifungua mdomo asifu, ukabaki wazi. Karibu na benchi alisimama mwanamke wa gauni la njano. Chini ya saa, huyo huyo. Karibu na mlango, tena yeye, na hapo anatabasamu.

"Huyu ni nani?"

"Nani?"

"Pia, usinizungushe. Wa njano."

Pia akainama, akaangalia, akacheka. "Hata sikumwona. Mpita njia tu. Alikuwa akitembea upande ninaogeukia, ndiyo maana ametokea mara tatu."

"Humjui, na anakuchekea?"

"Sindano, kweli simjui."

"Mimi nimeshawahi kuambiwa kweli za namna hiyo. Chukua picha yako."

Pia alipiga simu, haikupokewa. Alikuja, akakuta mlango umefungwa mchana kweupe. Ndani, Sindano alikata mkono wa blauzi ya mteja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Kila mwenye nguo ya njano aliyepita dirishani alimpima kiuno kwa macho.

"Umemkuta naye?" Shangazi aliuliza.

"Nimeona picha, Shangazi."

"Basi nenda ukaone mtu. Ukimkuta, lia. Usipomkuta, uache kuharibu vitambaa vya watu."

Jumamosi iliyofuata alivaa miwani nyeusi na kilemba chekundu, akaenda stesheni. Pia alikuwepo, peke yake, anazunguka. Sindano alijibanza nyuma ya nguzo. Kila kamera ilipomkaribia alinyemelea nguzo ya mbele, akachungulia tena. Wa njano hakutokea. Alirudi nyumbani na hasira zaidi, maana wivu usiopata cha kushika hujing'ata wenyewe.

Kesho yake Sindano alikuwa na Shangazi kwenye chumba cha ushonaji, Pia akamtumia picha. Sindano aliikuza kwa vidole. Nyuma ya nguzo ya kwanza, kilemba chekundu. Ya pili, kilemba chekundu. Na ya tatu. Na ya nne.

Simu ikalia. Akapokea.

"Huyu wa kilemba yupo mara nne," Pia alisema. "Naogopa Shangazi akimwona atanifukuza."

Sindano hakucheka. Alikuwa akiutazama ule uso: shingo imenyooshwa, mdomo umeumwa. Uso wa mtu anayetafuta cha kumuumiza.

"Nilikuwa nakukwepa," alisema, "kumbe nageuka nawe."

"Ndiyo. Na yule wa njano alikuwa anawahi treni."

"Na tabasamu?"

"Nilikudanganya niliposema sikumwona. Alidhani nampiga picha yeye, akacheka, nami nikacheka. Ni mzuri. Kisha nikageuka nikaendelea na kazi. Niliogopa kukwambia."

Iliuma, lakini hakuna aliyewahi kumpa ukweli ambao hakuukuta nyuma ya nguzo. Ndipo akamsimulia habari ya lile gauni la harusi, yote, mpaka siku aliyolikabidhi limepigwa pasi. Pia alisikiliza bila kumkatiza.

"Nataka tuoane," alisema mwishoni.

"Nina wivu, Pia. Hautaisha."

"Hata mimi ninao. Unadhani najisikiaje nikikuta umewazungushia wanaume futi kifuani, unawaambia vuta pumzi?"

Sindano alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wagombane. Shangazi akaacha kukunja pindo, akatega sikio.

"Basi njoo nikupime wewe," Sindano alisema. "Suti ya bwana harusi haishonwi kwa kukisia."