Niliachwa Kulinda Jakuzi

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu. Leo nakaa katika chumba cha mbao, kambi ya wakimbizi upande wa Lac Vert, nje ya Goma, njia ya Sake, na maji ya kuoga nayabeba kwa bidoni, yaani dumu, mgongoni kama wengine. Lakini kuna wakati nilikuwa mama wa Himbi, mtaa wa wenye mali wa Goma... mama mwenye jakuzi! Mkitaka kucheka, chekeni sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Mume wangu ni mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa viazi na maharagwe. Mimi ni mzaliwa wa Kibumba, kwa wakulima wa kabichi, na viazi vyake alivifuata hukohuko. Tulikaa miaka mingi katika ndoa bila mtoto. Mgongo wangu uliharibika kwa kubeba magunia tulipokuwa tunaanza maisha, na alipopata mali akaniambia kwamba sasa nitapumzika.

Mzungu mmoja jirani yetu alikuwa anakimbia habari za vita. Mume wangu akanunua jakuzi yake, lile beseni kubwa linaloingia watu wanne, lenye mashine ya kupasha maji na matundu ya kupuliza mapovu. Wabebaji walivunja sehemu ya ukuta ili ipite. Siku ya kwanza umeme ulikuwepo. Niliingia, maji yakanikanda mgongo, nikalia kwa raha. Nilisema moyoni, kumbe mume wangu ananipenda!

Raha hiyo niliipata mara chache sana. Umeme wa Goma si mnaujua? Unakuja kama mgeni, hata kiti hajakalia ameshaaga. Bomba nalo lilikuwa linakoroma tu. Ilibidi watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, watuletee maji ya ziwa, na maji yale yakaacha ukoko mweupe kwenye matundu mpaka mapovu yakaisha. Kisha mashine ya kupasha ikafa. Nikawa nachemsha maji kwa makaa, sufuria baada ya sufuria, namimina humo ndani ili mume wangu aoge. Mgongo ulioletewa dawa ndio uliobeba maji ya dawa yenyewe! Na wageni wakija, nilisifu jakuzi yangu kama bibi harusi. Aibu ilinifunga mdomo.

Vita vilipofika Kibumba, watu walishuka na magodoro vichwani. Kati yao alikuwa Furaha, mtoto wa mama yangu mdogo. Alikuwa na mimba kubwa. Akasema mume wake amepotea vitani. Nani angemfungia mlango ndugu yake? Nilimpa chumba, nikampa vitenge vyangu, nikamkataza hata kufagia.

Akajifungua mtoto wa kiume. Nilifurahi kama niliyezaa ni mimi... Nilichemsha maji, nikayamimina kwenye jakuzi, nikaandaa kitambaa cha kumkandia, maana mama aliyezaa lazima akandwe kwa maji ya moto. Nikasema, leo hatimaye chombo hiki kitafanya kazi ya maana.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoingia. Alikuwa ametoka Butembo, kwa barabara ambako watu walikuwa wanauawa, na mimi sikuwa nimemwita. Hakuketi. Akavua viatu, akakunja mikono ya blauzi, akanyoosha mkono kuomba kitambaa.

Wasomaji, niwaambie jambo. Katika ukoo wa mume wangu, mama wa mume ndiye anayemkanda mke wa mwanawe. Hamkandi mwanamke mwingine. Mikono ile niliingoja tangu siku ya harusi yangu. Nikamwambia kwa upole kwamba asijisumbue, Furaha ni ndugu yangu, nitamkanda mimi.

Akanitazama bila hasira.

"Acha, mama," akasema. "Muke wa mutoto wangu ni miye mwenyewe namukanda."

Furaha aliinamisha kichwa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na hakukanusha. Kumbe zile safari za kununua viazi Kibumba, zile siku alizolala kwa mama yangu mdogo akisema mvua imekata njia... Hakukuwa na mume aliyepotea! Mume alikuwa wangu! Na mimi nilisimama pale, maji niliyoyachemsha kwa mikono yangu yanatoa mvuke, nikaambiwa niongeze sufuria nyingine. Nikaongeza. Mnajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa bado naitaka ndoa yangu.

Ningeenda wapi? Kibumba kulikuwa kunaungua. Nikakaa, nikijipa moyo kwamba mimi ndiye mke mkubwa na nyumba ni yangu.

Kisha vita vikafika mjini. Mume wangu akawapakia garini mama yake, Furaha na mtoto, wavuke mpaka wa Rwanda waende Gisenyi. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu. Akaushusha kwenye gari.

"Weye utabakia," akaniambia. "Ulinde nyumba. Na ile jakuzi, bantu basiibebe."

Nilidhani anatania, eti watu wasibebe beseni. Gari likaondoka.

Risasi zilipolia nililala sakafuni peke yangu. Umeme ulikatika, bomba likakauka, na njia ya ziwani ilikuwa na maiti. Nje ya ukuta wetu wakimbizi walikuwa wamejazana, watoto wanalia kiu. Jakuzi ilikuwa imejaa mpaka juu maji ya ziwa tuliyoyaweka kabla vita havijafika mjini. Nikafungua lango.

Waliteka kwa vikombe na sufuria, tukachemsha, tukanywa. Ilipokuwa kavu, akina mama wakatandika vitenge ndani yake, watoto wakalala humo. Sikuwahi kuona watu wakistarehe ndani ya kitu kile kama siku zile, kikiwa hakina maji wala umeme.

Mji ulipotulia, mume wangu alirudi. Nilimkimbilia langoni. Alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha jakuzi, nyuma ya nyumba.

"Maji ya jakuzi iko wapi?"

Hakuniuliza kama nimepona! Aliona mikwaruzo ya sufuria, akasema nimegeuza nyumba yake kambi. Nikamweleza habari za watoto. Furaha alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitenge changu cha harusi.

"Basi fuata bakimbizi bako," mume wangu akasema.

Niliwafuata. Wao ndio walionipa nafasi ya kulala, na leo nawakanda wanawake waliozaa kambini, kwa beseni la plastiki na maji yaliyochemshwa kwa makaa. Mgongo unauma, lakini kazi naiweza.

Juzi alikuja mjumbe kutoka Himbi. Furaha amezaa tena, mama mkwe ni mgonjwa, hakuna wa kumkanda. Wananiomba niende, eti mimi ni ndugu yake. Sitaficha, moyo uliruka nikadhani labda mume wangu ananihitaji. Kisha nikamwambia yule mjumbe:

"Muambie jakuzi iko. Aingie."

Dada zangu, mimi nililinda kitu cha mtu ambaye hakunilinda. Mtu akitaka kukimbia vita akakuacha uchunge vyombo vyake, usibaki kuhesabiwa pamoja na hivyo vyombo. Nawasihi, chukueni mizigo yenu, mpande gari la jirani, muondoke. Mimi nilibaki, na mnaona nilipo.