Mikwaruzo ya Fundi

Lifti ya hospitali ilikuwa imejaa pomoni, na mlango ukabana koti jeupe la mtafiti. Fundi kijana wa ovaroli ya buluu, aliyekuwa akirudisha mikasi ya upasuaji aliyoinoa, akauzuia kwa kiatu.

"Pole, Daktari. Koti limepona."

"Sitibu watu mimi. Nachunguza seli."

"Basi pole, Daktari wa seli."

Mtafiti alicheka mpaka akasahau kushuka. Simu zikafuata, na haukupita muda wakawa chanda na pete.

Kazi ya mtafiti ilihusu seli walinzi wa ubongo. Hizo hushambulia kitu chochote kigeni, hata kile kichuma kinachopandikizwa kumtuliza mgonjwa anayetetemeka. Alitaka kujua zinatulia juu ya chuma cha namna gani, laini au chenye mistari. Nani angemtengenezea vipande kama si Fundi wake?

"Nusu ving'arishe, nusu vichore mistari myembamba, mpenzi."

Fundi akavileta vyote vinang'aa kama kioo.

"Vya mistari viko wapi?"

"Nilivichora, halafu nikavipiga msasa. Niliona aibu. Mtu hampelekei ampendaye kazi yenye mikwaruzo."

"Sasa nitalinganisha nini na nini? Profesa anayenisimamia akikosa majibu wiki ijayo, utafiti wangu anaufunga. Umenimaliza."

Fundi akaondoka. Jioni alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika.

Hasira zilipopoa, mtafiti akabaki na neno moja linalomchoma: hakuwahi kumweleza mistari ile ni ya nini. Alimtuma tu, kama anavyotumwa fundi yeyote. Asubuhi akapiga yeye.

"Bado umenuna?"

"Ninune saa ngapi? Nipo kwenye mashine, nakuchorea vingine."

"Nisamehe. Ukimaliza njoo navyo, nikuonyeshe vinakokwenda."

Siku ya majibu mtafiti alimkalisha Fundi mbele ya hadubini, ovaroli na yote. Kwenye chuma laini seli zilikuwa zimejikunja kama ngumi. Kwenye mistari zilikuwa zimejinyoosha, zimetulia.

"Kumbe mikwaruzo yangu ndiyo imezituliza?"

"Ndiyo hiyo. Profesa ameiona, kasema tuendelee."

Fundi hakuinua jicho kwenye hadubini. Pengine alikuwa akijificha.

"Mimi mwenyewe nina mikwaruzo mingi, Daktari wa seli. Ukinioa... yaani, nikikuoa, utaiweza?"

Mtafiti alimwekea mkono begani, palepale penye doa la grisi.

"Nitaiweza. Ila usiipige msasa kabla sijaiona."