Namba Thelathini na Moja

Walitoa damu kwa punda thelathini, na kwenye deli la barafu vikarudi vichupa thelathini na kimoja.

"Umehesabu vibaya, dada Hafidha," alisema Modest, bwana mifugo aliyemshikia punda kutwa nzima huko Naipingo. "Uchovu huo. Na hali yako hiyo."

Hali yake ilikuwa mimba ya miezi mitano. Mbili za kabla yake zilitoka mwezi wa sita, na tangu hii ishike Hafidha hakuwa na hofu wala furaha. Alikula, alikwenda kazini, alihesabu wiki. Alichotaka ni kuufikisha mwezi wa tisa, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa utafiti wa virusi vya mishipa ya damu. Wataalamu wanauita ugonjwa wa farasi, ila Nachingwea farasi utamwona kwenye kalenda tu, kwa hiyo mradi ukaangukia punda wa kubebea maji na korosho. Jike akiambukizwa mishipa huvimba, na mwenye mimba huitupa. Dume hupona, akanenepa, akang'aa, huku virusi vimejikalia kwenye mbegu zake miaka nenda rudi. Ukimtazama kwa macho utamwandika mzima.

Hafidha alikishika kichupa cha ziada. Vingine vilikuwa baridi. Hiki kilikuwa na joto la mwili. Akafungua daftari. Mstari wa thelathini na moja ulikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe: Dume. Mzima. Nachingwea mjini. Mwenye mnyama: Hafidha.

Nyumbani kwake hakufugwa hata kuku.

Kesho yake saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula, alisikia kwato kwenye korido ya maabara. Zilikuja taratibu, koo, koo, koo, zikapita chumba cha mizani, zikapita choo, na kadiri zilivyokaribia ndivyo ilivyotangulia harufu ya jasho la mnyama iliyochanganyika na udi, udi uleule aliouzoea kwenye mashati ya mumewe na ambao siku zote alidhani ni wa msikitini, mpaka zikasimama nyuma ya kiti chake, na kitu kikamhemea shingoni, na tumboni mtoto akaacha kucheza. Hakugeuka. Aliendelea kuandika lebo mpaka wenzake waliporudi.

Jioni alimuuliza mumewe kama aliwahi kuugua.

"Mimi?" Mustafa alicheka. "Mke wangu, mimi hata panadol sijawahi kumeza."

Alikuwa mnene, anang'aa. Mke wake wa kwanza, Raudha, alitokwa na mimba tatu, akaachwa kwa maneno kwamba ana mkosi. Hafidha alimtazama akila, akaona aibu kwamba jambo analowaeleza wafugaji kila siku hakuwahi kuliwaza ndani ya nyumba yake.

Lakini kwato zile na udi ule havikuwa vya kupimwa maabara. Ijumaa alimpeleka mumewe Ruangwa kwa Bi Ashura, fundi wa kupunga majini. Bi Ashura hakuuliza mengi. Alimnusa Mustafa kichwani.

"Jini mahaba huyu," alinong'ona. "Huyu mwanaume ana mke mwingine, mwanangu, tangu ujanani. Yeye hamuumizi. Anawachukia nyinyi, na hivyo vinavyokaa matumboni mwenu."

"Mtoe, bibi."

"Kutoka atatoka. Lakini hakai hewani. Amezoea dume, atatafuta dume." Akalitazama tumbo la Hafidha. "Nyie wa hospitali mna mashine. Mmeambiwa ni mtoto gani?"

"Hatujapima," alisema Hafidha. "Mtoe."

Walimfunika Mustafa shuka jeupe, ubani ukafukizwa. Alitetemeka, akalia kwa sauti ya kike, kisha akalala kama mtu aliyetoka kulima. Hapo ndipo kwato zilipoanza. Zilitoka chini ya shuka, zikavuka mkeka, zikamjia Hafidha aliyekuwa amekaa mlangoni, na Hafidha akajibana ukutani ili zipate njia, akangoja zimpite, akangoja, na nje kuku wakiparuza, na mtu fulani akitwanga, na hakusikia hatua hata moja upande wa pili wa kizingiti.

"Ameshapita?" Bi Ashura aliuliza kwa woga.

"Ameshapita," alisema Hafidha. Alitaka liwe kweli.

Mwezi wa sita ulipita salama, na wa saba, na wa nane. Kichupa kilipoa kama vingine. Alizaliwa mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, wakamwita Huzaifa. Mtaa mzima ulifurahi. Hafidha alingoja furaha yake, akachoka kungoja.

Mtoto hakupata mafua. Chanjo hazikumpandisha homa. Kichwani alinukia udi. Teodosia, jirani mwenye mimba ya miezi minne, alimpenda sana, akawa anambeba kila asubuhi. Wiki ya tatu ya kumbeba, mimba yake ikatoka.

Baada ya mazishi madogo alikuja Faith, mdogo wake Teodosia, naye tumbo liko mbele. Alinyoosha mikono. "Nipe mchumba wangu huyo nimpakate, dada."

"Anaumwa," alisema Hafidha upesi, akarudi nyuma. "Usimguse."

Faith alimtazama mtoto, mnene, anang'aa, akaondoka amekasirika.

Hafidha alikwenda kwenye mkoba wake wa kazi, akatoa daftari. Mstari mpya ulikuwepo, kwa mwandiko wake: Namba 32. Dume. Mzima. Mwenye mnyama: Hafidha.

Alichukua kalamu afute. Aliusoma tena, neno kwa neno, na hakuona kilichokosewa.