Makopo Matano ya Nabwire

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Jumatatu jioni nyanya za Wangila zilikuwa zimesimama vizuri. Jumanne asubuhi mistari miwili ilikuwa imeinama, majani yakiwa bado mabichi. Haikuwa kiu. Mvua ilikuwa imenyesha juzi.

Wangila alifiwa na mkewe, Nabwire, mwaka uliotangulia. Alibaki na robo ekari huko Yamumbi, na robo ekari hiyo ndiyo ilimlisha. Alitazama nyanya zake, akatafuta mtu wa kulaumu. Hakutafuta mbali. Alikwenda moja kwa moja barabarani, kwa jirani yake Jepkemboi, anayeuza miche mezani, ndiye aliyemuuzia ile ya nyanya.

Wateja walikuwepo. Mama mmoja alikuwa amekuja na gari kutoka mjini, mtaa wa Elgon View.

"Huyu mama anauza miche migonjwa," Wangila alisema kwa sauti. "Msinunue. Shamba langu limekuwa makaburi."

Jepkemboi aliweka chini mkebe wa kunyunyizia maji. "Mzee Wangila, miche yangu imekosa nini?"

"Iulize yenyewe."

Mama wa gari alirudisha miche mezani, akaondoka. Kufikia Ijumaa watu walipita meza ile kama wanavyopita boma lenye mbwa mkali.

Jumamosi Jepkemboi alifika kwa Wangila. Kwa mkono mmoja alishika gilasi mbili, kwa mwingine mche wa nyanya. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Nimekuja kuchukua jina langu," alisema. "Niletee nyanya moja iliyonyauka, na maji safi."

Wangila alileta. Jepkemboi alikata shina karibu na mizizi, akalining'iniza ndani ya gilasi, ncha ikigusa maji. Wakangoja. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwa shina.

"Huu ni ugonjwa wa mnyauko," alisema. "Ni vijidudu, havionekani kwa macho. Vinakaa kwa udongo, vinaingia kwa mizizi, vinaziba njia ya maji. Mmea unakufa kiu ukiwa umesimama kwa matope."

"Vilitoka kwa miche yako."

"Ngoja." Alikata ule mche aliokuja nao. "Huu nimeung'oa kwangu. Ulitoka kitalu kimoja na zako." Aliuweka katika gilasi ya pili. Wakangoja tena. Maji yalibaki safi.

Wangila aliinua gilasi hiyo, akaichungulia kwenye mwanga.

"Mwaka jana ulipanda nini hapa?" Jepkemboi aliuliza.

"Viazi. Vingine vilinyauka. Redio ilisema tubadilishe mimea, nikabadilisha. Nikaweka managu, ile mboga ya mnavu. Kisha nyanya. Mimi si mjinga, Mama."

"Redio ilikuambia ubadilishe na nini?"

"Haikusema."

Hapo Wangila alikuwa na haki ya kulalamika, na alilalamika. Afisa wa kilimo ni mmoja kwa wakulima wote wa upande ule. Pikipiki yake haijaona mafuta tangu uchaguzi. Wakubwa hutoa nusu ya neno, na mkulima huumia kwa ile nusu nyingine. Jepkemboi alimwacha amalize. Kisha akachuma ua la nyanya, ua la managu yaliyojiotea kando ya uzio, na ua la kiazi kilichosahaulika udongoni. Akayaweka kwenye kiganja cha Wangila.

"Hesabu ncha."

"Tano," alisema Wangila. "Hili tano. Hili pia. Yote ni kama nyota."

"Na katikati?"

"Njano."

"Basi hao ni ndugu. Viazi, nyanya, managu, pilipili, biringanya. Kwa sahani, hiki ni chakula, hiki ni mboga, hiki ni kiungo. Kwa ugonjwa, hiyo ni nyumba moja. Wewe ulibadilisha sahani. Ukoo hukubadilisha."

"Na viazi vitamu?"

"Hivyo si ndugu, jina tu ndilo linafanana. Ua lake ni kama tarumbeta. Maharagwe na njegere, ua ni kama kipepeo, na mbegu inakaa kwa ganda. Sukuma na kabeji ukiziacha zitoe maua, utaona petali nne, kama msalaba. Lakini ukoo peke yake hautoshi. Angalia pia mahali. Nduma, yaani magimbi, inataka kule chini kwa kijito. Kitunguu kinataka hapa juu, maji yasituame. Wewe una ukoo wenu, na pia wewe ni mtu wa Yamumbi. Mmea ni hivyo hivyo."

Wangila alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa akikumbuka.

"Makopo," alisema.

Aliingia ndani, akatoka na makopo matano ya zamani ya mafuta ya kupikia. Nabwire aliweka mbegu humo. Alizoea kuweka pilipili na managu kopo moja, na Wangila alimcheka mbele ya wageni. "Huyu akipika tutakula mboga au moto?" Baada ya mazishi alizimwaga mbegu, akazipanga upya: mboga na mboga, kiungo na kiungo. Kopo la tano tu hakuligusa, kwa sababu hakujua mbegu zake zinaliwa au haziliwi.

Makopo manne yalikuwa yamekwaruzwa kwa msumari. Nyota. Kipepeo. Msalaba. Kitunguu. Chini ya kila mchoro palikuwa na jua au mawimbi ya maji. Wangila alidhani ni mapambo.

Jepkemboi aligusa nyota kwa kidole. "Hii tulichorewa pamoja, kwa kikundi cha wamama, wakati maafisa walikuwa bado wanatembea kwa miguu. Mimi nilisahau nusu. Marehemu ndiye alikuwa ananikumbusha."

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Masikio ya Wangila yaliwaka moto. Alitazama chini, na huko chini pia makopo yalikuwa yakimtazama.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya ile meza barabarani. "Nilisema uongo hapa," aliwaambia watu. "Ugonjwa ulikuwa kwa udongo wangu, na ni mimi niliyeulisha. Miche ya huyu mama ni safi." Alivua kofia, akajifuta jasho usoni.

"Mzee, leo umemeza pilipili?" kijana mmoja wa bodaboda alimtania.

"Mwacheni," alisema Jepkemboi. "Amemaliza."

Wangila aling'oa nyanya zote, akazichoma. Aliosha jembe kwa sabuni kabla ya kuligusa shamba lingine. Alichimba mtaro ili maji yasiteremke kwa jirani. Pale penye ugonjwa alipanda mahindi na maharagwe, na vitunguu juu. Kwa miaka mitatu hakuna nyota itakayoingia pale, na managu yakijiotea yatang'olewa. Mwezi wa nane alivuna maharagwe gunia moja na nusu, safi. Mama wa gari alirudi kwa Jepkemboi, akachukua miche mia moja.

Limebaki kopo la tano. Halina mchoro, na mbegu zake ni nyeusi na ndogo sana. Jepkemboi hazijui. Kwenye ofisi ya kilimo waliandika swali la Wangila kwenye karatasi, na karatasi ingali huko. Kwa hiyo Wangila alipanda nusu kule chini kwa kijito na nusu juu kwenye jua. Zimeota pande zote mbili. Zimefika kimo cha shibiri, na bado hazijatoa ua.

Kila asubuhi huinama juu ya miche hiyo, kofia mkononi, akauliza kile ambacho alipaswa kuuliza zamani.

"Nabwire, hii ni ya ukoo gani?"