Mwano wa Simu

Mwili wa Marcelo ulilala kifudifudi kwenye mpaka wa shamba la pamba, nje kidogo ya Nkoma. Kofia yake ya zambarau ilikuwa hatua tatu kutoka kichwani. Inspekta Apolonia alichuchumaa, akatazama majeraha bila kugusa, kisha akatazama saa. Ilikuwa saa saba na robo mchana.

"Fimbo," alisema Koplo Athumani. "Na mawe. Daktari atatuambia zaidi."

"Alikuwa nani?"

"Bwana shamba wa kampuni mpya ya pamba. Walitoka Bariadi wawili kwa pikipiki, kukagua mashamba ya majaribio. Pikipiki ikawaharibikia, wakaja kwa miguu."

"Wa pili yuko wapi?"

Athumani alielekeza kidevu mashambani. Ng'ambo ya bonde, watu walikuwa wakisonga kwa mistari, wakipigapiga pamba kwa fimbo.

"Wanamtafuta, afande. Anaitwa Hilali, dereva wake. Wanasema ni wezi wa ng'ombe." Akampa simu ya mwanakijiji. "Ujumbe huu uliingia saa nne na dakika kumi na mbili."

Apolonia alisoma: *MWANO. NG'OMBE 14 WAMEIBWA. WEZI 2, KOFIA ZA ZAMBARAU. WANAPITA NKOMA.*

Mwano ni yowe. Kwa miaka mingi sungusungu waliupiga kwa mdomo, na aliyeusikia alitoka na silaha yake. Tangu mwaka jana, vijiji tisa vilikuwa vimekubaliana kutumia simu. Kila kijiji kilikuwa na moja, na Nkoma ilitunza simu ya kundi. Habari iliyotoka kwenye simu hiyo ndiyo iliyoaminiwa. Mwano ulianzishwa nayo, na ulitulizwa nayo tu.

"Watumie ujumbe waache," Apolonia alisema.

"Nimetuma kwa simu yangu. Wamejibu kwamba polisi tunatetea wezi."

"Askari wa ziada?"

"Wako njiani. Labda saa nzima."

Apolonia alitazama tena mistari ile. Saa nzima ilikuwa nyingi mno kwa mtu aliyejificha ndani ya pamba.

Kamanda wa sungusungu, mzee Ndaki, alikuwa ameketi kando ya njia, fimbo yake chini.

"Mwadila, mayu," alisalimu.

"Mwadila, bhabha. Wazuie watu wako."

"Walio karibu nimewazuia. Wa mbali wanangoja simu ya kundi."

"Iko wapi?"

"Niliipeleka dukani kwa Faudhia asubuhi kuchajiwa. Nimemtuma katibu wetu Mahona kuifuata, amerudi anasema haionekani."

"Ng'ombe walioibwa ni wa nani?"

Ndaki aliinuka. Akawageukia wanaume waliosimama nyuma yake. Walitikisa vichwa.

"Zamani," alisema polepole, "mtu akipiga mwano tulikimbilia kwake kwanza. Tunamkuta mlangoni, tunaona zizi lake li wazi. Leo tumekimbilia kofia."

Duka la Faudhia lilikuwa na sola juu ya bati na ubao uliojaa simu, kila moja na kipande cha plasta chenye namba.

"Simu ya sungusungu," alisema Apolonia.

"Kumi na saba. Haipo. Mahona aliichukua saa nne kasorobo."

"Una hakika?"

"Amesaini, tazama. Nikamwambia haijajaa, akasema hiyo nusu inamtosha. Halafu mchana anakuja kuniuliza iko wapi! Nikamwambia, katibu, jua limekupiga? Wala hakucheka."

Apolonia alitazama saini. Haikuwa na haraka wala mikwaruzo.

Mahona walimkuta kwenye ofisi ya kijiji, ameketi wima na daftari mapajani. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati limefungwa vifungo vyote.

"Mwano umetumwa na nani?"

"Sijui, afande."

"Simu ulikuwa nayo wewe."

"Niliirudisha kwa Faudhia."

"Nionyeshe hilo daftari."

Alilikumbatia kidogo, kisha akalitoa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali lililopigwa kwa rula. Juu kulikuwa na tarehe ya siku hiyo. Kushoto, majina ya vijiji tisa. Kulia, neno *Dakika*, na chini yake tarakimu tisa. Kubwa kuliko zote ilikuwa nne.

"Mistari umeichora lini?"

"Jana."

"Jana ulijua ng'ombe wataibwa leo?"

Jasho lilimtoka Mahona puani. Akalifuta kwa kiganja.

"Mahona, sitaki maelezo sasa. Kuna mtu kwenye pamba. Nataka simu."

Aliinama, akaitoa ndani ya soksi. Ilikuwa imezimwa. Athumani aliiwasha. Juu ya jumbe nyingine zote kulikuwa na mmoja, uliokwisha kufunguliwa: *Mmoja tumemmaliza. Wa pili kakimbia, tunafuata.*

"Uliusoma?"

"Niliusoma."

"Saa ngapi?"

"Saa tano."

"Ukafanya nini?"

"Nikaizima."

Apolonia aliandika mwenyewe, kidole kikikosea vitufe: *MWANO UMEISHA. ULIKUWA WA UONGO. ASIGUSWE MTU.* Akatuma. Akaiweka simu mezani, wote watatu wakaitazama.

Majibu yalikuja. Sawa. Tumepata. Tunarudi. Athumani aliyahesabu kwa vidole. Manane.

"Nani bado?"

"Walioingia bondeni," alinong'ona Mahona. "Mtandao huko unakatika."

Walikimbia. Apolonia alipofika ukingoni mwa bonde aliona watu wamesimama duara. Akawasukuma. Katikati, mwanamume alikuwa ameketi ardhini, mkono mmoja umeshikwa na mwingine, ngozi ya miguu imechanika. Aliyesimama karibu naye alikuwa bado ameinua simu yake juu, akiusoma ujumbe mara ya pili kana kwamba umeandikwa vibaya.

"Hilali?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Marcelo yuko wapi?" aliuliza.

Waliokuwa na fimbo walianza kuzishusha, mmoja baada ya mwingine.

Jioni, katika kituo cha Bariadi, Mahona alisema mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili. Ndaki alikuwa ameshatoa majina ya waliompiga Marcelo.

"Hakukuwa na ng'ombe," alisema. "Lilikuwa jaribio. Ijumaa wazee wanakaa kuamua. Wanataka simu zirudishwe, tupige mwano kwa mdomo kama zamani. Mimi ndiye niliyezileta. Nilitaka niwawekee mezani dakika ambazo kila kijiji kilichukua kuitika."

"Kofia je?"

"Nilitafuta rangi isiyovaliwa huku. Nilifikiri watafika, watakosa mtu, watarudi."

Apolonia aliandika. Tangu soko la pamba lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, kila kampuni ilikuja na rangi yake. Kampuni ya Marcelo ilikuwa imegawa kofia zake wiki hiyohiyo.

"Hilo lingeitwa bahati mbaya," alisema. "Lakini saa tano ulijua mmoja amekufa na mwingine anawindwa. Ujumbe mmoja ungetosha."

"Ningetuma, wangejua ni uongo. Wasingeiamini simu tena."

"Ukaona heri afe?"

Mahona alitazama mikono yake.

"Nina ndugu, Thomasi. Yaani, nilikuwa na ndugu. Mwaka juzi wezi walituvamia, wakamjeruhi. Nilipiga mwano mpaka sauti ikakauka. Upepo ulikuwa mkali, kijiji cha pili hawakusikia. Nilikaa naye kwa saa mbili, hakuja mtu. Alikufa nikiwa bado napiga."

Apolonia aliweka kalamu chini. Alimsogezea kikombe cha maji, kisha akaiokota tena.

"Na leo? Vijiji vyote tisa viliitika kumkimbiza Marcelo baada ya muda gani?"

"Dakika nne," alisema Mahona, akaanza kulia.